Mweusi wa Nani? Ukuta, Sauti na Kinyago katika Filamu ya Ousmane Sembène

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, na ndugu zangu wanafunzi wa sanaa za maonyesho,

Taa zimewashwa sasa hivi na naona wengine bado mnapangusa macho, kwa hiyo sitakimbilia kuzungumza juu ya kile kifo. Nitaanza na neno dogo kuliko yote katika filamu mliyotoka kuitazama, nalo limo katika jina lake. Ousmane Sembène aliiita filamu hii La Noire de..., akaweka nukta tatu baada ya lile neno la mwisho na kuliacha jina likining'inia. Waliolitia kwa Kiingereza waliona tabu wakaishia na "Msichana Mweusi" tu, na nukta zikapotea njiani. Sisi hatuna sababu ya kuzipoteza, kwa sababu Kiswahili kina a-unganifu inayofanya kazi ileile hasa. Ukisema "Mweusi wa..." kisha ukanyamaza, kila mtu chumbani atangoja. Wa Dakar? Hapo utakuwa umetaja kwao. Wa Bwana na Bibi fulani? Hapo utakuwa umetaja mwenye mali. Herufi mbili hizohizo zinatosha kumpa mtu asili na zinatosha pia kumfanya kitu cha mtu, na filamu nzima, yenye urefu wa kama saa moja, ni safari ya msichana mmoja kutoka maana ya kwanza ya "wa" hadi maana yake ya pili.

Kwa waliochelewa kuingia, kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Diouana ni kijana wa Dakar aliyeajiriwa na familia ya Kifaransa kuwatunza watoto. Familia hiyo inaporudi kwao Antibes, kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa, inamwita aifuate. Anakwenda akiwa na matumaini ya maduka, mitaa na bahari ya huko, lakini anapofika watoto hawapo, na kazi inayomngoja ni kupika, kufua, kupangusa na kusugua bafu. Hatoki nje. Mshahara hauji kwa wakati. Mwishowe anaufunga mlango wa bafu na kujiua.

Hoja yangu leo ni moja. Tukiambiwa tutafute ubaguzi wa rangi ndani ya filamu, wengi wetu tunatafuta tusi, kofi au bango lenye maandishi ya kukataza watu kuingia. Sembène hakuuweka huko. Aliuweka katika mpangilio wa picha na wa sauti: nani anasimama na nani anaketi, ukuta una rangi gani, nani anasikika na nani hasikiki, kamera inamngoja nani. Ukizichukua karatasi za mazungumzo peke yake ukazisoma bila picha, unaweza kudhani ni kisa cha mama mwenye nyumba mkali na mtumishi aliyevunjika moyo, kisa ambacho kila mtaa unacho. Ni picha ndizo zinazoshtaki.

Sembène aliijua njia hiyo kwa taabu. Alizaliwa mwaka 1923 huko Ziguinchor, Casamance, kusini mwa Senegali, akatumikia jeshi la kikoloni la Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akawa mpagazi wa bandarini Marseille, ambako alijifunza siasa za vyama vya wafanyakazi na akaanza kuandika riwaya. Alikuwa mwandishi mwenye jina alipotambua jambo linalomkera mwandishi yeyote: watu aliowaandikia, wengi wao hawakuweza kumsoma, kwa maana vitabu vilikuwa kwa Kifaransa nao hawakuwa wamepitia shule ya Mfaransa. Akiwa na umri wa karibu miaka 40 akaenda Moscow kusomea filamu chini ya Mark Donskoy, akarudi na kutengeneza filamu fupi ya Borom Sarret mwaka 1963, na mwaka 1966 ikatoka hii tuliyoiona, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya kubuni iliyoongozwa na Mwafrika wa kusini mwa Sahara. Mwaka huohuo ikapewa Tuzo ya Jean Vigo huko Ufaransa na Tanit ya Dhahabu katika tamasha la Carthage, Tunisia.

Wengine hapa watauliza ni kwa nini Waafrika wa makoloni ya Ufaransa walichelewa hivyo kushika kamera. Hawakuchelewa, walizuiwa. Mwaka 1934 ilitolewa amri iliyobeba jina la Pierre Laval, aliyekuwa waziri wa makoloni, ikimtaka yeyote anayetaka kupiga filamu katika makoloni hayo ya Afrika apate kwanza ruhusa ya serikali. Paulin Soumanou Vieyra, mtengenezaji filamu Mwafrika, na wenzake walipotaka kupiga filamu mwaka 1955, waliishia kuwapiga picha Waafrika waishio Paris, kwa kuwa nyumbani hawakuruhusiwa. Kwa hiyo kule kumwona tu Diouana akitembea Dakar, akipigwa picha na mtu wa kwao, ni jambo ambalo miaka michache nyuma lingehitaji muhuri wa mtawala.

Sasa tuingie katika ile nyumba ya Antibes.

Jambo la kwanza ambalo jicho linaliona ni kuta. Ni nyeupe tupu, hazina pazia zito wala rafu ya vitabu ya kulipumzisha jicho. Yeyote kati yenu aliyewahi kupiga picha za harusi anaijua shida hii: bwana harusi mweusi amesimama mbele ya pazia jeupe, ukipima mwanga kwa pazia, uso wake unazama gizani; ukiupima kwa uso, pazia linaungua. Wengi wetu tumewahi kumrudishia mteja picha yenye meno na macho tu. Shida hiyo haikuletwa na ngozi. Vifaa vyenyewe vilikuwa na mtu wao waliyemkusudia, na katika maabara za picha za rangi, kwa miaka mingi, kadi ya kupimia rangi iliyotoka Kodak ilikuwa na sura ya mwanamke mzungu, na mafundi walizoea kuiita kadi ya Shirley. Sembène na mpigapicha wake, Christian Lacoste, walikuwa na filamu ya nyeusi na nyeupe mkononi, hawakuwa na wasiwasi wa rangi, ila tatizo la ukuta na uso lilikuwa palepale. Nao wakaamua kulikabili. Tazameni tena jinsi uso wa Mbissine Thérèse Diop, aliyemwigiza Diouana, unavyosomeka mbele ya ule weupe: shavu lina mviringo, paji lina mng'ao, jicho lina unyevu. Hakugeuzwa kivuli. Ukuta haukupewa nafasi ya kumla.

Lakini ni uso tu uliookolewa. Mwili wake mzima, anapoonekana kwa mbali akiwa ameinama sakafuni, ni alama moja nyeusi juu ya karatasi nyeupe, na hapo ndipo fani inapokuwa maudhui. Kule Dakar, katika mbinurejeshi, yaani picha zinazoturudisha nyuma kwenye yaliyopita, Diouana yumo miongoni mwa watu. Anapita uani, anapita vichochoroni, watoto wanakimbia mbele yake, jirani anaita, na rangi yake haionekani kwa sababu ni rangi ya kila mtu. Hakuna mtu aliye mweusi mahali ambapo wote ni weusi. Hapo ana jina, ana mama, ana mchumba, ana tabia ya kupenda mavazi. Anapoingizwa katika chumba cheupe ndipo anapokuwa Mweusi. Hakubadilika yeye, kilichobadilishwa ni kilicho nyuma yake. Nimesoma maandishi mengi ya kitaalamu yanayoeleza kwamba rangi ni kitu kinachotengenezwa na jamii na si kitu cha kuzaliwa nacho, na sikumbuki hata moja lililonieleza wazi kama mkato mmoja kutoka uwanja wa Dakar hadi ukuta wa Antibes.

Safari ya gari kutoka bandarini inastahili neno. Diouana ameshuka melini, amevaa vizuri, akijiuliza kama kuna mtu atakayekuja kumpokea, na Bwana, mwajiri wake, anampitisha kwenye barabara ya pwani akimsifia uzuri wa nchi, naye anajibu ndiyo. Lipo toleo jingine la filamu hii ambamo safari hiyo imepigwa kwa rangi, bahari ikiwa buluu kabisa na miti kijani, kisha mlango wa nyumba unafunguliwa na rangi zote zinatoweka. Mnaweza kuiona sehemu hiyo katika matoleo yaliyofanyiwa ukarabati. Mimi binafsi napenda zaidi toleo tulilolitazama leo, ambalo halitoi hata dakika moja ya rangi, kwa sababu katika hilo tunajua tangu bandarini kwamba Ufaransa aliyoiota haikuwahi kuwapo. Mwalimu mmoja mkongwe tuliyekaa naye hapa nyuma amenikatalia jambo hili wakati wa chai, na huenda yeye ndiye aliye sahihi.

Tukishaingia ndani, karibu kila mara tunapotoka nje tunatoka kwa kumbukumbu. Wanafunzi hufundishwa kwamba mbinurejeshi hutumiwa kueleza yaliyopita ili mtazamaji aelewe ya sasa. Hapa ina kazi nyingine pia: ni mlango. Diouana hana ufunguo wa nyumba, hana njia, hana rafiki wa kumtembelea, na sehemu pekee ya nje anayoweza kuifikia imo kichwani mwake. Akichungulia dirishani usiku haoni kitu ila weusi, akajiuliza kama Ufaransa ni lile shimo. Kwake Ufaransa ni jiko, sebule, bafu na chumba cha kulala. Kwa hiyo Sembène anapotupeleka Dakar anatufanyia kile ambacho waajiri hawakumfanyia, yaani anatutoa nje tupumue, kisha anaturudisha ndani kwa mkato mkavu usio na kufifia kwa picha wala muziki wa kututayarisha, tukisikia mlango ukigongwa na sauti ya Bibi ikiita.

Naomba nikae zaidi kwenye sauti, kwa maana hapa ndipo wengi wanapoiona kasoro ya filamu na mimi ninapoiona nguvu yake.

Mbele ya waajiri wake Diouana husema ndiyo Bwana, ndiyo Bibi, na machache zaidi ya hayo. Ndani ya kichwa chake, hata hivyo, hanyamazi. Anauliza, anapinga, anakejeli, anakumbuka, na yote hayo tunayasikia kwa Kifaransa safi cha mtu aliyesoma. Mtazamaji makini atasema mara moja kwamba haiwezekani: msichana asiyejua kuandika, aliyekulia katika mtaa wa maskini Dakar, angewaza kwa Kiwolof. Tena sauti hiyo si ya yule tunayemwona. Filamu haikurekodiwa sauti papo hapo wakati wa kupiga picha. Sauti ziliingizwa baadaye, na mawazo ya Diouana yalisomwa na Toto Bissainthe, mwigizaji na mwimbaji kutoka Haiti, ilhali uso ni wa Mbissine Thérèse Diop, msichana wa Senegali aliyekuwa mshonaji wa nguo.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video hatuwezi kushangazwa na hali hiyo. Tulikaa juu ya mabenchi tukimtazama Mchina akirusha teke, na sauti tuliyoisikia ilikuwa ya kijana wa mtaani aliyeketi pembeni na kipaza sauti, akimsemea kwa Kiswahili maneno ambayo Mchina hakuwahi kuyasema. Tuliamini. Hatukuona aibu kuamini. Uso ulikuwa wa mmoja na sauti ya mwingine, na baina yao alizaliwa mtu wa tatu ambaye alikuwa wetu.

Sembène alijua vizuri tatizo la lugha. Miaka miwili baadaye, mwaka 1968, katika Mandabi, aliwafanya wahusika wake waseme Kiwolof, na tangu hapo akaendelea kutumia lugha za Kiafrika. Lakini katika filamu hii Kifaransa kile cha kichwani kinafanya jambo ambalo Kiwolof kisingelifanya mbele ya mtazamaji wa Paris wa mwaka 1966. Wageni wanapoketi mezani, mmoja anauliza kama Diouana anaelewa Kifaransa, na jibu linalotolewa ni kwamba anaelewa kwa silika, kama wafanyavyo wanyama. Wanasema hayo mbele yake. Sisi tunajua anawaelewa neno kwa neno, tena anawajibu kwa lugha yao wenyewe, kwa ufasaha uleule wao, ila sauti yake imefungiwa mahali ambapo sikio lao halifiki. Mtazamaji Mfaransa amewekwa pabaya: anamsikia Diouana vizuri, kwa hiyo hawezi tena kudai kwamba hakuelewa. Bwana na Bibi wana udhuru wa ujinga. Yeye aliye kwenye kiti cha sinema ameshanyang'anywa.

Chakula chenyewe hicho cha mchana kingetosha kuwa mada ya siku nyingine. Wanataka wapikiwe wali wa Kiafrika, wanausifu, wanazungumza juu ya Senegali kama watu wanaozungumzia hali ya hewa, mmoja analalamika kwamba tangu uhuru Waafrika wamepoteza uasilia wao. Kisha mgeni mmoja anainuka na kumbusu Diouana bila kumwomba, akieleza kwamba hajawahi kumbusu mwanamke mweusi. Mezani panachekwa. Sembène halipigi tukio hili kwa karibu wala halitii muziki wa kutisha. Analiacha lipite kama lilivyopita kwao, jambo dogo la kuchangamsha chakula, na ni wepesi huo unaokaa kooni.

Wala msipite haraka juu ya majina. Wazungu wakubwa wa nyumba ile hawana majina. Ni Bwana na Bibi tu, kama vile katika filamu nyingi za Ulaya na Marekani za miaka ile mtumishi mweusi alivyokuwa "mpishi" au "yaya" katika orodha ya waigizaji. Anayeitwa jina ni Diouana. Mwongozaji ameugeuza mkeka, akakaa upande mwingine bila kusema kwamba ameugeuza.

Niseme kidogo juu ya mavazi kabla sijafika kwenye kinyago. Akiwa Dakar, Bibi alimpa nguo zake za zamani, na Diouana alizipokea kama ahadi. Anapozivaa Antibes, pamoja na viatu vyake virefu, huku akipangusa sakafu, Bibi anaona dhihaka. Anamfunga aproni. Baadaye anamwamuru avue viatu na akumbuke kwamba yeye ni mtumishi, naye anavivua na kuviacha sakafuni. Nguo iliyokuwa zawadi kule imekuwa kosa huku. Kitu ni kilekile, aliyeivaa ni yuleyule.

Kinyago nacho kinafuata njia ya namna hiyo, ila chenyewe kinasafiri mbali zaidi. Tukifuate mkono kwa mkono. Kwanza kiko kwa mtoto mdogo wa kiume, kwao Diouana, anayekichezea. Diouana anakichukua kwake, akampa fedha, na kuwapelekea waajiri wake kama zawadi ya mtu aliyefurahi kupata kazi. Bwana anakigeuzageuza mkononi kama mtu wa mnadani na kuridhika kwamba kinaelekea kuwa cha kweli. Kinatundikwa katika nyumba yao ya Dakar pamoja na vingine vya aina yake. Halafu tunakikuta Antibes, peke yake, kwenye ule ukuta mweupe, na kamera inatupa nafasi ya kutosha kulinganisha kichwa kile cha mti na kichwa cha Diouana anayepita chini yake na sinia. Vyote viwili vimeletwa kutoka kulekule, vyote viwili vinaonyeshwa wageni. Tofauti iliyopo ni kwamba kinyago hakitakiwi kusugua bafu.

Mabadiliko yanaanza na barua. Bwana anamsomea Diouana barua iliyotoka kwa mama yake, inayomlaumu kwa kutotuma chochote nyumbani, kisha kwa wema wake Bwana anachukua kalamu na kuanza kumwandikia majibu bila kungoja aambiwe la kuandika. Mama hajui kuandika, binti hajui kuandika, na barua mbili zinapita baina yao ambamo hakuna hata neno moja lililo la mmoja wao. Diouana anaichana ile karatasi. Muda si mrefu anakitoa kinyago ukutani, na Bibi anapokidai wanakivuta huku na huku kama wanawake wanaogombea ndoo kisimani. Fedha alizolipwa anazirudisha. Kinyago hakirudishi.

Hapa sina budi kujibu swali nililoulizwa kila mahali nilipoionyesha filamu hii katika Afrika Mashariki. Mtu huinuka na kusema: mwalimu, sisi wenyewe tunawatesa wasichana wa kazi, tena ni weusi kama sisi, sasa hapa rangi imeingiaje? Swali hilo ni zuri na silikwepi. Nyumbani kwetu Tanga kulikuwa na kikombe kimoja cha bati kilichobanduka rangi mdomoni, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye shahada ndipo nilipojiuliza ni kwa nini dada aliyetulea alinywea hicho tu miaka yote, ilhali kabati lilijaa vikombe vya udongo. Hakuna aliyewahi kumkataza. Kikombe kilijulikana kuwa chake kama vile mkeka wa jikoni ulivyojulikana kuwa wake. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta Antibes: wapo dada zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokwenda Oman, Saudi Arabia na kwingineko Ghuba, na utaratibu wa kafala, ambao kwa miaka mingi umekifunga kibali cha mfanyakazi mgeni kwa mwajiri mmoja, unaijua vizuri ile "wa" yenye nukta tatu.

Lakini tazameni alichokifanya Sembène na swali hilo. Hakulificha. Ametuonyesha Dakar wanawake wameketi ukingoni mwa barabara wakingoja kuajiriwa, na Bibi mwenye miwani ya jua anapotokea wanamkimbilia wote, isipokuwa Diouana aliyebaki nyuma, naye ndiye anayechaguliwa kwa kidole. Kamera inamfuata Bibi akipita mbele yao kwa namna ambayo mtu wa pwani hii, anayekijua kilichokuwa kikifanyika katika soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar, kabla ya mwaka 1873, hahitaji kuelezwa. Huo ni umaskini, na umaskini hauchagui rangi. Kinachoongezwa na rangi ni hiki: dada wa nyumbani kwetu aliweza kutoka jioni, akavuka barabara na kuwa mtu kama watu, hakuna aliyemjua kwa kumtazama tu kuwa ni mtumishi. Diouana angetoka Antibes asingeweza kuuvua utumishi wake mlangoni, maana umeandikwa usoni. Mchumba wake, kijana mwenye siasa ambaye ukutani kwake yumo Lumumba, alijaribu kumwambia kitu cha namna hiyo, na yeye akacheka na kwenda kurukaruka juu ya mnara wa kumbukumbu ya waliokufa vitani, mnara wa watu ambao nao waliitwa Ufaransa wakaenda. Kijana anamsihi ashuke, anaona ni kufuru. Wapo wanaomlaumu Diouana kwa wepesi ule. Mimi siku zote huuona ndio wakati pekee katika filamu ambapo mwili wake unakwenda unakotaka.

Juu ya kifo nitasema machache. Sanduku limepangwa vizuri. Maji, hodhi, wembe. Damu katika filamu ya nyeusi na nyeupe haina wekundu, ni giza tu linaloenea penye weupe, katika bafu lilelile aliloamriwa kulisugua. Kisha pwani, watu wamejilaza juani, na habari ya msichana mweusi aliyejiua inasomwa gazetini kama habari nyingine yoyote. Sembène mwenyewe alianzia hapo. Habari ndogo iliyotoka katika gazeti la Nice mwaka 1958 ndiyo iliyomfanya aandike hadithi fupi, akaichapisha mwaka 1962 katika mkusanyiko wake wa Voltaïque, kisha akaitengenezea filamu. Wakati mtu wa pwani anaufunua ukurasa unaofuata, mwandishi mmoja wa Kiafrika alikuwa amesimama hapohapo kwenye mistari ile michache, akiuliza yule binti alikuwa wa nani.

Zimebaki dakika za mwisho. Bwana amekwenda Dakar kurudisha sanduku, kinyago na fedha. Anaongozwa mtaani na mwalimu wa eneo lile, ambaye, kwa wasiomjua, ni Sembène mwenyewe ameingia ndani ya filamu yake. Mama anazikataa fedha bila hotuba. Bwana anaondoka, na yule mtoto tuliyemwona mwanzo anakichukua kinyago, anakivaa usoni na kumfuata. Hamtupii jiwe wala hamwiti. Anatembea tu nyuma yake, na Bwana anageuka, anaongeza mwendo, anageuka tena, anavuka daraja, analifikia gari lake. Filamu nzima ni yeye na mkewe waliotazama, kinyago kikatazamwa. Sasa kinyago kina macho ndani yake.

Nilipoitazama mara ya kwanza nilimwangalia Bwana, kwa sababu hofu inavutia jicho. Nilikosea. Ninamwomba fundi aturudishe pale mama anapoikataa fedha, na ninyi safari hii mwacheni Bwana akimbie, mshikeni mtoto kwa macho mpaka gari liondoke, na mngoje hadi atakapokishusha kinyago mtazame uso anaoubaki nao. Naomba taa zizimwe.